Mtihani Aliofanyiwa Delvin

Lantry, Arkansas
11 Septemba 1988

Mdogo wangu Cleotha,

Nimetoka kanisani sasa hivi. Viatu nimevua, miguu iko kwenye beseni la maji ya chumvi, na karatasi nimeiweka juu ya paja, kwa hiyo nisamehe mwandiko. Sisi sote wazima. Shangazi Zelma bado anaumwa mguu na bado anauliza utaoa lini. Pamba imepasuka mapema mwaka huu lakini joto halijatuhurumia. Kule chumba cha kufulia cha hospitali tunafua mashuka tukiwa tumelowa kuliko mashuka yenyewe. Delvin wangu sasa ni futi sita na inchi tisa. Siku hizi anainama hata kwenye milango ya watu warefu, kwa mazoea tu.

Hongera ya kazi. Nilisimama kanisani nikatangaza kwamba mdogo wangu, aliyekuwa akiuza matairi Memphis na kufundisha watoto mpira wa kikapu jioni, leo ni kocha msaidizi wa chuo kikubwa namna ile. Watu walipiga makofi mpaka Mchungaji Tolliver akasahau alikofikia. Mama angekuwepo angelia.

Sasa nikueleze kwa nini nimeandika barua badala ya kupiga simu. Simu nimeikata. Ilikuwa inalia tangu saa kumi na mbili asubuhi, kocha huyu, kocha yule, wote wanamtaka Delvin. Sasa wanakuja wenyewe. Kila mmoja anakaa kwenye kochi langu, anakula pai yangu ya viazi vitamu, anaapa hajawahi kula pai kama hiyo, kisha anasogea mbele na kuuliza, "Mama, wewe una shida gani?" Mwanzoni nilidhani ni adabu. Mmoja nikamwambia habari za mguu wa Shangazi. Wiki iliyofuata daktari wa mifupa akapiga hodi hapa, katoka Little Rock! Nikamwambia arudi alikotoka. Wa mwisho aliacha bahasha ndani ya Biblia yangu, katikati ya Zaburi. Nimeirudisha kwa posta, na stempu nimelipa mwenyewe.

Delvin anataka kusomea upimaji wa ardhi. Mtihani wa kuingia chuo ni mwezi ujao. Asipopata alama kumi na tano hataruhusiwa kucheza mwaka wa kwanza. Kila jioni tunakaa mezani jikoni, yeye na vitabu vyake, mimi na saa ya ukutani, namtajia dakika.

Wewe ni mjomba wake. Mjomba ni mama mwenye ndevu. Hao watu sasa unawajua kwa ndani. Niambie, nani kati yao ni mtu?

Dada yako,
Vernell


2 Oktoba 1988

Dada Vernell,

Shikamoo. Barua yako imenikuta mzima na mwenye furaha. Mimi huku nimepewa ofisi yenye dirisha, dada. Dirisha! Na koti la rangi za chuo, jina langu limedariziwa kifuani. Mwambie Shangazi nitaoa nikipata nafasi, maana hapa hata kula tunakula tumesimama.

Hao makocha wengine usiwafungulie mlango tena. Waambie mtoto ameshapata kwao. Kocha Mkuu, Bwana Halloran, atakuja Lantry mwenyewe mwezi ujao, na mimi nitafuatana naye. Mpikie kambare, anapenda. Usimwambie habari za bahasha wala za daktari. Wala usiziandike kwenye barua. Hii nayo ukishaisoma ichome.

Kuhusu mtihani, usimchoshe mtoto. Mikono ile Mungu hakumpa ashikie penseli. Njia zipo.

Pai yako naikumbuka.

Cleotha


Lantry
27 Novemba 1988

Cleotha,

Salamu za Sikukuu ya Shukrani, ingawa tumeila bila wewe. Tulikuwekea paja la bata mzinga hadi Ijumaa, kisha Shangazi akalila akisema maiti haisubiri wageni. Mguu wake umevimba zaidi. Mimi mgongo tu. Nilikuuliza nani kati yao ni mtu, ukanijibu habari za dirisha.

Matokeo yametoka. Delvin amepata kumi na tatu. Aliisoma karatasi, akaikunja, akaiweka mfukoni, akaenda kupasua kuni ambazo hatuzihitaji. Aliporudi akasema, "Mama, hesabu niliziweza. Kusoma ndiko kulikoniangusha, muda uliniishia." Tukatoa vitabu tena jioni ileile. Atarudia Februari.

Kocha wako Halloran alikuja, nawe ulikuwepo, kwa hiyo sitakusimulia aliyoyasema. Nitakusimulia ambayo hukuyaona, maana macho yako yalikuwa kwake muda wote. Alimwita mwanangu "mwanangu" mara kumi na moja, Shangazi alihesabu. Hakumuuliza hata mara moja anataka kusoma nini. Alimshika bega, akampapasa mgongo, akamtazama magoti, na mimi nikakumbuka jinsi babu alivyokuwa akinunua nyumbu. Na wewe, Cleotha, kila akianza mzaha ulicheka kabla hajaumaliza. Nikaenda jikoni si kuleta mkate wa mahindi. Nilikwenda kusimama tu.

Halafu Jumanne wanaume wawili wakashusha friji barazani kwangu.

"Nani kalinunua?" nikauliza.

"Sisi wabebaji tu, mama. Tia sahihi hapa."

"Sitii."

"Basi tutatia sisi," akasema mmoja, akatia, wakaondoka.

Lipo barazani mpaka leo, refu kuliko mimi, jeupe, bado limevikwa nailoni. Majirani wanapita kulitazama kama watu wanaomuaga marehemu. Mchungaji Tolliver amekuja kuniomba nilipeleke kwenye jiko la kanisa. "Dada Vernell," akaniambia, "friji halina dhambi. Linahitaji umeme tu."

Nikamwambia, "Na shetani naye, Mchungaji, anahitaji kiti tu."

Amekasirika. Tangu hapo hanisalimii vizuri. Waambie waje walichukue.

Vernell


15 Januari 1989

Dada yangu,

Heri ya mwaka mpya. Nisamehe kwa kuchelewa, msimu umetushika shingo. Tumecheza mechi tisa ndani ya wiki nne na tumefungwa mbili tu. Nilimtumia Shangazi blanketi kwa posta. Limefika?

Friji silijui. Lakini kama lipo, si uchomeke tu? Una miaka mingapi unakwangua barafu kwenye lile kopo unaloliita friji? Dada, kuna watu wanapenda kusaidia, na hawana nia mbaya. Usiwe mtu wa kukataa kila kitu kabla ya kukionja.

Naandika kwa jambo moja. Mtihani wa Februari, Delvin asiufanyie hapo Lantry. Amwachie mjomba wake. Kuna shule Memphis, tulivu, wasimamizi waungwana, nimeshamwandikisha. Mpandishe basi la asubuhi, tarehe kumi na moja. Nitampokea kituoni mwenyewe na kumrudisha mwenyewe. Mpe kitambulisho chake tu. Asibebe vitabu, vitamchanganya.

Mwambie kwamba mjomba wake anajivunia yeye.

Cleotha


Lantry
19 Machi 1989

Cleotha,

Shangazi Zelma mzima, blanketi lilifika, anakushukuru. Mvua imetuandama, bustani ni tope tupu. Nimeandika salamu hizi kwa sababu Mama alitufunza hivyo. Zimeishia hapo.

Delvin alirudi kutoka Memphis ananukia mbavu za kuchoma na kichwa kimenyolewa upya. Nikamuuliza mtihani ulikuwaje, akasema, "Umekwisha, Mama." Nikadhani amechoka. Kwa mwezi mzima alikuwa akiingia na kutoka kama mpangaji.

Alhamisi bahasha ikaja. Ishirini na mbili! Cleotha, nilicheza. Mwanamke wa miaka arobaini na tisa, nilicheza hapo jikoni na kijiko mkononi, nikamwita Shangazi naye akacheza kwa mguu mmoja. Nikamshika Delvin kiunoni, ndipo mikono yangu inapofika, akasimama kama nguzo.

"Mama, acha."

"Niache nini? Ishirini na mbili, mwanangu!"

"Si mimi."

"Si wewe nini?"

"Sikuufanya mimi, Mama. Mjomba alinipokea kituoni, akachukua kitambulisho, akampa mtu ndani ya gari. Kisha akanipeleka kwa kinyozi, halafu kula. Nikamwambia, 'Mjomba, saa tatu imepita, watafunga mlango.' Akasema, 'Kula kwanza.' Saa nane akatazama saa yake akaniambia, 'Haya, mtihani umekwisha. Umefanya vizuri sana.' Akacheka. Nilikuwa na penseli mbili mfukoni, Mama. Nilizichonga mwenyewe."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Alisema nikisema, wewe utafungwa."

Nilikiweka kijiko chini, Cleotha. Kwa miezi mitano mtoto huyu alijifunza kusoma aya moja kwa dakika mbili, kisha dakika moja na nusu, kisha dakika moja. Alikuwa anataka kujua kama anaweza. Hicho tu. Wewe uliyenyonya kidole mpaka una miaka saba, niliyekufundisha mimi kusoma kwenye meza hiihii, ukampokonya hicho, ukamlisha nyama, ukamtisha kwa jina langu.

Na lingine. Yule kocha aliyeacha bahasha kwenye Zaburi nimekutana naye dukani. Alikuwa mchangamfu sana. "Mama," akasema, "hatuna kinyongo. Sisi tulikuwa tunamwaga jasho kumpata kijana, kumbe wenzetu walishamwajiri mjomba." Nikamwambia kazi hiyo uliipata kwa bidii yako. Akanitazama kwa huruma. Cleotha, kule kutazamwa kwa huruma na mtu anayeficha fedha kwenye Biblia!

Je, walikupa ofisi ile kwa sababu una mpwa mrefu, si kwa sababu unajua kufundisha? Nijibu ndiyo au hapana. Sitaki dirisha, sitaki koti.

Vernell


Lantry
7 Mei 1989

Cleotha,

Wiki saba, na hujajibu. Kutojibu nako nimekusoma.

Shangazi sasa anatembea na fimbo. Mimi nimehamishiwa zamu ya mchana.

Nikupe habari ambayo mjomba wa kweli angeipenda. Mwezi wa nne Delvin alijiandikisha mwenyewe, hapa hapa shule ya kaunti, kwa jina lake, akafanya mtihani. Alitoka na kidole cheusi kwa risasi ya penseli. Wiki mbili zilizopita matokeo yalikuja. Amepata kumi na tano.

Kumi na tano, Cleotha! Ndizo zilizotakiwa, wala hazikuzidi hata moja. Safari hii hakuna aliyecheza. Alikaa ngazini akaishika karatasi kwa mikono miwili, nami nikakaa pembeni yake, tukatazama barabara mpaka wali ukaungua.

Jana amekuja mtu wa chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Bwana Pell, mwembamba, mpole, amevaa suti iliyochoka. Alilizunguka friji mara mbili, akaandika. Kisha akaniwekea mezani karatasi tatu. Kumi na tatu, ishirini na mbili, kumi na tano. "Mama," akasema, "mtihani wa tatu ndio uliotufanya tutazame wa pili. Mwandiko wa hizi mbili ni mmoja. Huu wa katikati ni wa nani?"

Ona basi. Tungekaa kimya na ishirini na mbili ya wizi, hakuna ambaye angekuja.

Nikamwambia anipe wiki mbili. Si kwa sababu sijui la kusema. Nataka kwanza kusikia utakalosema wewe.

Vernell


16 Mei 1989

Dada Vernell,

Shikamoo. Naandika nikiwa ndani ya gari, nje ya ukumbi, maana ofisini simu na kuta zina masikio. Natumai mgongo hausumbui.

Pell amekuja huku pia. Kocha Halloran amemwambia hajui lolote. Ametuita sisi wasaidizi akasema, "Mambo ya familia yamalizwe na familia." Alikuwa akinitazama mimi.

Sikiliza, dada, na usikasirike kabla hujafika mwisho. Mimi nikitajwa, nimekwisha. Hakuna chuo kitakachoniajiri hata kufagia ukumbi. Lakini wewe si mwajiriwa wa chuo. Chama hakina adhabu kwa mzazi. Ukimwambia Pell kwamba ni wewe uliyemtafuta yule mtu wa mtihani, kwa uchungu wa mama, mtoto hakujua na mjomba hakujua, watasikitika tu. Delvin atakaa nje mwaka mmoja, kisha atacheza hapa, chini ya mkono wangu. Nami nitabaki. Ni maneno machache mno. Nimeyaandika kwenye karatasi ya pili ili usihangaike, unakili tu kwa mwandiko wako.

Dada, nina miaka thelathini na nne. Maisha yangu yote nimeingia sehemu kwa mlango wa nyuma. Ulinilea ukijinyima, unataka nirudi kupakia matairi? Umeniuliza ndiyo au hapana. Mambo ya kazi hayako hivyo. Kila mtu huingia kwa kitu fulani. Mwingine ana baba, mwingine ana shahada. Mimi nilikuwa na mpwa.

Nisaidie. Sitakuomba tena.

Mdogo wako,
Cleotha


Lantry
3 Septemba 1989

Cleotha,

Shangazi Zelma anakusalimu. Sijamwambia. Anadhani umebanwa na msimu, na mimi namwachia hivyo kwa ajili yake, si kwa ajili yako. Joto ni lilelile, pamba imepasuka.

Karatasi yako ya pili niliisoma mara moja. Umeandika kwa sauti yangu, "Mimi mama maskini nisiyejua sheria." Nimejua sheria tangu uko kwenye nepi. Nilinawa mikono baada ya kuishika, nikashangaa mwenyewe kwa nini nanawa.

Bwana Pell alirudi na nikamweleza yote, tangu Zaburi mpaka kwa kinyozi. Barua zako alizisoma palepale mezani. Alipofika jina lako akauliza, "Huyu Cleotha ni nani kwako?" Nikamjibu, "Ni mdogo wangu. Mama alikufa yeye akiwa na miaka mitano, nimemlea mimi." Akaweka kalamu chini. Akaniuliza kama ningependa kupumzika kidogo, anywe maji, aendelee baadaye. Nikamwambia, "Andika." Akaandika. Kisha nikamwandalia chakula, kwa sababu mikono ilikuwa inataka kazi, naye akakila bila kusifu chochote, na kwa hilo nilimheshimu.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Nimesoma gazetini kwamba umefukuzwa, na kwamba Kocha Halloran "amevunjika moyo kwa kusalitiwa na msaidizi wake." Ukurasa uleule, chini kidogo, chuo kimemwongezea mkataba wa miaka mitano. Pana picha. Amesimama na tajiri mmoja anayeuza magari na friji, kumbe lile la barazani lilitoka kwake, wamekumbatiana, na wote wawili wana meno mazuri. Niliikata ile picha niibandike mahali, nikakosa mahali panapoistahili.

Nilijua watakuangusha wewe na kumwacha yeye. Nilijua wakati namwambia Pell aandike. Nataka ulijue hilo, usije ukafikiri dada yako alidanganywa akidhani haki itakwenda mpaka juu. Nilisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Lakini hili sikulijua. Watu wa mtihani walileta barua mwezi wa saba. Kwa kuwa jina la Delvin lilitumika kwa udanganyifu, matokeo yake yote yamefutwa. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, kichwa kimegusa kizingiti.

"Yote, Mama?"

"Ndivyo inavyosema."

"Na yangu pia? Ile kumi na tano?"

"Pia."

Hakupasua kuni. Alikaa chini sakafuni, mtu mzima wa futi sita na inchi tisa, akalia kama alivyolia siku ya kwanza ya shule. Nikakaa naye. Nikakulaani, Cleotha, kwa sauti, na sikuomba toba.

Sasa ana kazi ya kuosha masufuria kwenye jiko la chuo kidogo, na chuo hichohicho kimempokea kusomea upimaji wa ardhi bila mpira. Kocha wa pale alipomwona alidondosha chai. Delvin akamwambia, "Nisiulizwe habari za kucheza mpaka nimalize mwaka wa kwanza na alama zangu." Yule mzee akasema sawa, akaondoka, na mpaka leo hajauliza mara ya pili. Labda huyo ni mtu. Sijui bado.

Nimesikia umerudi Memphis na unapakia matairi. Kazi hiyo si aibu. Niliwahi kuitangaza kanisani pamoja na ile nyingine. Umeandika kadi mbili kwa Delvin kupitia kwangu. Nilimpelekea zote. Hakuzifungua mbele yangu na sikumuuliza.

Uliniomba anwani yake. Nilimwambia. Akasema, "Bado, Mama."

Kwa hiyo sikupi.

Vernell